Barua ya wazi kwa wanaofunga na kufungua shule: wapeni watoto daftari, kisha msome walichoandika

Waheshimiwa mawaziri wa elimu, makatibu wakuu, wasimamizi wa mitaala, maofisa elimu na wakuu wa shule,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na salamu za heshima kwenu nyote.

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kazi yake kubwa ni kuwafundisha watoto kuandika. Ombi langu ni hili: siku mtakapotia sahihi agizo la kufunga shule, kwa sababu yoyote ile, kila mtoto atoke getini akiwa na daftari jipya, penseli, na ahadi kwamba atakachoandika kitasomwa siku shule zitakapofunguliwa. Daftari na penseli hata msamaria mwema anaweza kuvitoa. Ahadi ile hakuna wa kuitoa isipokuwa ninyi, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike barua hii hadharani.

Kufungwa kwa shule si balaa la mara moja katika karne. Mwezi Aprili 2020, korona ilipopamba moto, UNESCO ilihesabu wanafunzi wapatao bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 waliokuwa nje ya madarasa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Ebola ilifunga shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone, na watoto wa Sierra Leone hawakurudi hadi Aprili 2015. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na kuna madarasa ambayo hayakufunguliwa hadi Januari 2022. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule kwa kuhofia joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na mwezi uliofuata Bangladesh nayo ikafunga kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mwaka huo mmoja UNICEF ilihesabu wanafunzi milioni 242 katika nchi 85 ambao masomo yao yalivurugwa na hali ya hewa. Ongezeni vita, ongezeni migomo, ongezeni mafuriko yanayobeba madawati. Kwa hiyo sizungumzii korona. Nazungumzia mara ijayo, ambayo kwa watoto wengine huenda ikawa muhula huu.

Kila shule zinapofungwa, swali la kwanza mezani kwenu huwa ni la vyombo: tutawafikia watoto kwa intaneti, kwa runinga au kwa redio? Ni swali la haki. Lakini Agosti 2020 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote katika hivyo vyote. Na hata pale vyombo vilipokuwepo, mambo hayakuwa mepesi. Uholanzi ni nchi ambayo karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi, na mwaka 2020 shule zake zilifungwa kwa wiki 8 tu. Watafiti walipolinganisha matokeo ya mitihani ya kabla na ya baada, walikuta wanafunzi wa msingi wamepoteza kiasi kinachokaribia moja ya tano ya mwaka wa masomo, na watoto wa wazazi wenye elimu ndogo walipoteza zaidi.

Sisemi redio na vishikwambi havina kazi. Vina kazi kubwa, na nitarudi huko. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kukaa mbele ya kioo asubuhi nzima, akaitikia, akacheka mahali pa kucheka, na mkono wake usifanye lolote. Somo limepita, halikuacha alama. Mwalimu hana la kusahihisha, mzazi hana la kuangalia, na mtoto mwenyewe kesho hana pa kuanzia.

Fungueni nami daftari moja, la aina tunayokusanya shule zikishafunguliwa. Ukurasa wa kushoto una tarehe ya siku ya mwisho ya masomo. Herufi zimekaa juu ya mstari, nukta ziko mahali pake, na sentensi ya mwisho imekatikia njiani kwa sababu kengele ililia. Ukurasa wa kulia una tarehe ya miezi mingi baadaye. Herufi zimekuwa kubwa na zinapanda milima. "b" na "d" zimebadilishana nafasi. Maneno mawili yameshikana yakawa moja, na neno moja limekatwa vipande viwili. Ng'ombe amepoteza ritifaa yake. Penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kwenye kona za herufi, maana vidole vimesahau kiasi cha nguvu kinachotakiwa. Mwulize mtoto huyo huyo swali kwa mdomo, atakujibu vizuri na kwa ufasaha, pengine kuliko alivyoondoka. Mwambie aandike jibu lake, na hapo utaona anavyokodoa macho kwenye ncha ya penseli, anafuta, anaandika tena, na mwisho anakuletea mstari mmoja wakati kichwani alikuwa na mitano.

Hilo ndilo linaloniuma. Mkono ukishasahau, akili inarudi kuhangaika na umbo la herufi, na haibakiwi na nafasi ya kufikiria linalosemwa. Mtoto anaanza kufupisha mawazo yake yatoshee uwezo wa vidole. Baada ya muda anaamini kwamba mawazo yenyewe ndiyo mafupi. Walimu wa madarasa ya chini wanajua ninachosema.

Kuna utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2012, uliofanywa na Karin James na Laura Engelhardt, ambao ningependa kila msimamizi wa mtaala aujue. Walichukua watoto wa miaka 5 ambao hawakuwa wamejua kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine walifuatisha mistari iliyochorwa tayari, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Kisha ubongo wao ukapimwa kwa mashine wakati wakiziangalia herufi hizo. Sehemu za ubongo ambazo mtu mzima huzitumia kusoma ziliamka kwa zile herufi ambazo mtoto aliziandika mwenyewe, bila kufuatisha. Herufi yake ya kwanza huwa mbaya, ya pili mbaya kwa namna nyingine, na katika kuhangaika huko ndiko anakojifunza herufi ni nini. Kumpa mtoto karatasi za kufuatisha nukta, au kumwambia anakili kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa kumi, ni kumshughulisha tu.

Nakuja kwenye ushahidi ambao kwangu mimi ni mzito kuliko wote, kwa sababu unahusu mambo yanayotokea baada ya shule kufunguliwa. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga kaskazini ya Pakistan. Shule za maeneo ya karibu na ufa wa ardhini tetemeko lilikoanzia zilifungwa kwa wastani wa wiki 14. Miaka minne baadaye, watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das walikuta kwamba familia zilikuwa zimejijenga upya kwa kiasi kikubwa: nyumba zimesimama na maisha yamerudi. Watoto walikuwa wamerudi shule kama wenzao wa mbali. Lakini katika mitihani, wale wa karibu na ufa walikuwa nyuma kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu hadi miwili ya masomo. Wiki 14 zilizaa pengo la zaidi ya mwaka. Wiki zenyewe haziwezi kuwa zilichukua yote hayo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba shule zilipofunguliwa, masomo yaliendelea kutoka pale mtaala ulipotakiwa kuwa, wakati mtoto alikuwa amebaki pale alipoachwa. Na kila wiki iliyofuata ikamwacha mbali zaidi.

Mwalimu anayefungua mlango wa darasa baada ya miezi ya ukimya anahitaji kujua kitu kimoja kabla ya vyote: kila mtoto yuko wapi. Mtihani wa haraka wa siku ya kwanza unamtisha mtoto na unamwambia mwalimu kidogo sana. Daftari lililoandikwa nyumbani, hata kama ni mistari mitatu kwa siku, hata kama lina siku zilizorukwa, linamwonyesha yote: wiki gani mkono ulianza kulegea, hesabu za namna gani zilimshinda, maneno gani mapya aliyaokota, siku gani aliacha kabisa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya watoto wetu imekuwa ikipotea hivyo kila shule zinapofungwa, nasi tunakuja kugundua hasara miaka minne baadaye katika jedwali la watafiti.

Utafiti huo wa Pakistan una jambo jingine. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau shule ya msingi hawakubaki nyuma kama wenzao. Nyumbani kwao kulikuwa na mtu mzima anayeweza kutazama karatasi na kujua kama kilichoandikwa kina maana. Basi mtoto asiye na mtu huyo nyumbani anamtegemea nani? Anawategemea ninyi. Hapa ndipo ahadi niliyoitaja mwanzo inapopata uzito wake.

Watoto hawaandiki kwa sababu wameambiwa kuandika ni kuzuri. Wanaandika kwa sababu kuna mtu atakayesoma. Kila mwalimu ameliona hili darasani: mpe mtoto insha usiyoikusanya, utapata mistari minne ya kulipua. Mwambie insha yake atasomewa mtoto wa darasa la chini, na atakuuliza kama anaweza kubaki wakati wa mapumziko amalizie. Wakati wa kufungwa kwa shule msomaji anatoweka ghafla, na daftari linatoweka naye.

Kuna waziri wa elimu mmoja aliyelielewa jambo hili katika mazingira magumu kuliko yote. Tarehe 28 Machi 1944, Gerrit Bolkestein, waziri wa elimu wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London, alizungumza na wananchi wake kwa redio. Nchi ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Aliwaambia kwamba historia ya miaka ile haiwezi kuandikwa kwa nyaraka za serikali peke yake, kwamba shajara na barua za watu wa kawaida zitahitajika, na kwamba baada ya vita zitakusanywa. Mjini Amsterdam, katika maficho, msichana wa miaka 14 aliyekuwa nje ya shule kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu aliyasikia maneno hayo. Anne Frank alikuwa tayari anaandika shajara yake. Baada ya tangazo lile alianza kuiandika upya, akichagua, akipanga na kurekebisha, kwa sababu sasa alijua kuna watu watakaosoma. Hakuishi kuuona mwisho wa vita. Lakini mwaka 1945 taasisi ya kukusanya kumbukumbu hizo ilianzishwa Amsterdam kweli, na shajara za watu wa kawaida zikaanza kuingia.

Naomba mtazame alichofanya waziri yule. Hakuwa na shule hata moja mkononi mwake. Hakuwa na madaftari ya kugawa. Alikuwa na kipaza sauti na cheo, akavitumia kuwaambia watu kwamba wanachokiandika kina thamani na kitatafutwa. Ninyi mna cheo hicho hicho, na mna vipaza sauti vingi kuliko vyake. Siwaombi mtuletee waandishi mashuhuri. Naomba kila mtoto wa darasa la tatu asikie kwa sauti ya waziri wake mwenyewe kwamba daftari lake linasubiriwa.

Sasa, waandike nini? Kwa maoni yangu iwe kidogo, kila siku, na kwa maneno yao wenyewe. Robo saa inatosha kwa wadogo, nusu saa kwa wakubwa. Aliye chekechea achore na kuandika jina la alichochora. Wa madarasa ya kati ajibu swali moja la siku: eleza jinsi ulivyopata jibu la hesabu hii, kana kwamba unamweleza mdogo wako, andika hatua zote za kazi uliyoifanya leo kwa mikono, simulia kisa ulichosimuliwa na mtu mzima wa nyumbani, kisha umsomee akwambie ulipokosea, angalia anga asubuhi na jioni na uandike ulichoona. Swali la kueleza hesabu nalipenda kuliko yote. Mtoto anaweza kupata 42 kwa kubahatisha, lakini hawezi kueleza kwa sentensi tatu jinsi alivyoipata kama hajui. Sentensi hizo tatu zinamwonyesha mwalimu kosa liko hatua ya ngapi, jambo ambalo jibu peke yake kamwe haliwezi kumwonyesha. Aandike kwa lugha anayoimudu. Kama lugha ya nyumbani si ile ya shuleni, aanze na ya nyumbani, kwa sababu katika siku hizo tunachokilinda kwanza ni mkono na mawazo.

Na zaidi ya masomo, waruhusiwe kuandika yanayowasibu. Shule hufungwa kwa sababu kuna jambo baya limetokea: ugonjwa, maji, risasi. Mtoto analiona, analisikia usiku, na mara nyingi hakuna anayemweleza. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waandike kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Wale walikuwa vijana wakubwa, na daftari si badala ya msaada kwa mtoto aliyeumizwa. Lakini ni mahali pa kuanzia. Kwa hiyo kuwe na kanuni inayojulikana na wote: ukurasa ambao mtoto ameukunja kona hadi katikati hausomwi na mtu yeyote bila ruhusa yake, awe mzazi, mwalimu au mkaguzi. Na mtoto aambiwe tangu mwanzo kwamba kama kuna jambo linalomtisha na anataka lisomwe haraka, amwonyeshe nani.

Kuhusu kuyafikisha maswali hayo kwa watoto, hakuna haja ya kubuni mfumo mpya. Septemba 1937, polio ilipochelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, masomo ya robo saa yalirushwa kwa redio, na magazeti yakachapa ratiba na maswali ili watoto wayafanyie kazi nyumbani. Redio ilisema, gazeti likauliza, mtoto akaandika. Sierra Leone nayo ilifundisha kwa redio wakati wa Ebola. Botswana mwaka 2020 familia zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu za kawaida, na baadhi zikapigiwa simu fupi na mwalimu kila wiki. Ujumbe peke yake haukufua dafu. Ujumbe pamoja na sauti ya mwalimu uliinua uwezo wa watoto katika hesabu. Somo ninalolipata hapo ni lile lile: mtoto alijua kuna mtu atakayeuliza. Mwalimu anayepiga simu na kusema "nisomee ulichoandika jana" amefanya kazi kubwa kwa dakika chache.

Basi redio isiishie kufundisha. Kila kipindi kimalizike kwa swali moja la daftari, lisomwe mara mbili polepole, kisha kuwe na ukimya wa kutosha mtoto kulinakili. Kipindi cha kesho kianze kwa majibu ya watoto kadhaa yaliyosomwa hewani, kwa majina yao ya kwanza tu na kwa idhini ya wazazi.

Kuna kikwazo ambacho tukikaa maofisini hatukioni. Mtoto aliye nyumbani anahesabiwa kuwa hana kazi. Anatumwa, anapewa mdogo wa kubeba, anaingizwa katika shughuli za kutafuta riziki, na msichana anabebeshwa mara mbili ya kaka yake. Mwalimu hana mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu akadai robo saa ya binti yake. Lakini tangazo la serikali linalosema kila mtoto, wa kike na wa kiume, apewe robo saa ya daftari kila siku kabla giza halijaingia, linampa mtoto kitu cha kuegemea. Anaweza kusema: mwalimu atalikagua. Wazazi wengi wanaitii shule hata wakati imefungwa, mradi shule imezungumza.

Na madaftari yenyewe yawepo kabla ya siku ile. Agizo la kufunga hutoka jioni, kesho asubuhi mageti yana kufuli, na vitabu vya watoto vimefungiwa kabatini. Haya tumeyaona. Kila shule iwe na akiba iliyohesabiwa na kufungwa pamoja: daftari, penseli mbili, kichongeo, na karatasi moja yenye maswali ya wiki za mwanzo, ili hata asiye na redio aanze. Mahali familia zinapopokea chakula cha msaada, chanjo au mahema, kifurushi hicho kipite mlango huo huo. Wanaosoma kwa nukta nundu wapewe ubao wao, kalamu yao ya kutobolea na karatasi nzito waende navyo nyumbani. Mara nyingi vifaa hivyo hubaki shuleni kwa sababu ni ghali, na mtoto asiyeona ndiye anayekaa muda wote bila kuandika kabisa. Na yule ambaye mkono wake hauwezi kushika penseli amwandikishe ndugu yake. Maneno ni yake na daftari ni lake.

Najua mtaniuliza kuhusu ukubwa wa madarasa. Mwalimu mwenye watoto 70 au zaidi atasomaje madaftari hayo yote? Hatasoma yote neno kwa neno, wala hatakiwi. Naomba wiki ya kwanza ya kufunguliwa iwe wiki ya madaftari, isiyo na mtihani wala somo jipya. Kila mtoto achague ukurasa mmoja anaotaka mwalimu ausome, mwalimu naye achague mmoja kwa bahati nasibu. Asome, aandike sentensi moja ya jibu, jibu hasa, mtu kwa mtu. Alama ya vema peke yake haitoshi. Kama mtoto ameandika kwamba babu yake alifariki shule zikiwa zimefungwa, kalamu nyekundu isiende kusahihisha tahajia ya neno "alifariki". Makosa ya herufi mwalimu ayaandike pembeni kwenye daftari lake mwenyewe, ayafundishe darasa zima wiki ya pili. Kutokana na kurasa hizo mbili mbili, mwalimu mzoefu atajua aanzie wapi na nani wanahitaji kurudishwa nyuma hatua chache. Ujuzi huo ndio uliokosekana kwenye hadithi ya zile wiki 14 za Pakistan.

Na mtoto atakayerudi na daftari tupu asichapwe, asisimamishwe mbele ya wenzake, asirudishwe nyumbani. Daftari tupu nalo ni habari. Pengine lilisombwa na maji. Pengine alikuwa anafanya kazi ya mtu mzima. Pengine hakuna aliyemwambia. Mtoto huyo ndiye wa kwanza kukaa karibu na mwalimu. Nasisitiza hili kwa sababu waraka wowote ukiwa na neno "lazima" bila kinga hii, utageuka fimbo, na kuna watoto ambao hawatarudi kabisa kwa kuogopa siku ya kukaguliwa.

Waheshimiwa, ninachoomba kitoke kwenu ni waraka mmoja, mfupi, uandaliwe sasa wakati shule ziko wazi na hakuna anayekimbizana na dharura. Useme akiba ya madaftari inunuliwe kwa fungu gani na itunzwe na nani. Useme swali la siku litatangazwa na chombo gani na saa ngapi. Useme robo saa ya mtoto ni haki yake hata akiwa nyumbani. Useme wiki ya kwanza ya kufunguliwa ni ya kusoma, na mkaguzi yeyote asiulize wiki hiyo mtaala umefika wapi. Maswali ya daftari msiwe na wasiwasi nayo. Walimu wa kila darasa tunaweza kuyaandika, tukapitia ya wenzetu, tukawakabidhi kabla ya muhula kwisha. Ninayo ya darasa langu tayari, na nikipewa anwani ya kuyapeleka nitayapeleka.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi